Bi Mwalimu na Orodha ya Mirihi

Bi Mwalimu hakuwahi kupanda ngazi. Sisemi ngazi ya kuegemeza ukutani, hiyo hata mimi naiogopa. Nasema ngazi za mawe za kawaida, zile za nyumba za ghorofa katika mji wa kale wa Malindi. Akialikwa harusi ya ghorofani alibaki chini, akaletewa pilau yake hukohuko, na ukimwuliza kulikoni alisingizia magoti. Magoti yake yalikuwa mazima kabisa. Kila siku alitembea kwa miguu kutoka sokoni hadi mtaani kwetu na kikapu mkononi, na mimi niliyekuwa na miaka thelathini na mbili nilikuwa nikihema nyuma yake. Kilichomsumbua ni kizunguzungu, hakuweza kutazama chini. Na mtu huyohuyo ndiye aliyetuchukua watu ishirini na kitu, wengi wetu hatujui kusoma, akatupeleka kwenye sayari ya Mirihi, tukaishi huko karibu mwaka mzima.

Nalisema hili mapema nisije nikaonekana najificha. Kwa sababu ya safari hiyo mimi leo nina kiwanja na nyumba, na yeye alikosa. Orodha iliyomnyima niliiandika mimi na niliitoa mimi. Kama alijiacha kwa makusudi au sisi ndio tuliomwacha, nimeligeuza jambo hilo miaka na miaka na bado halijanikaa sawa. Wenzangu kila mmoja ana jibu lake, na wote wana uhakika. Mimi sina.

Alizaliwa wapi na ni binti wa nani, wanaojua wako mji wa kale na wana midomo yao. Kwetu sisi alikuwa Bi Mwalimu. Mtaa wetu ulikuwa kipande cha shamba la minazi pembeni mwa Kisumu Ndogo, hapohapo Malindi. Shamba lilikuwa na mwenyewe ambaye hatukuwahi kumtia machoni. Tulijenga vijumba vya udongo chini ya minazi yake, na haukupita msimu bila tetesi kwamba tutahamishwa. Wengi tulikuwa watu wa kuja: mimi nimetoka upande wa ziwa kufua mashuka katika hoteli ya watalii, wengine wametoka Ganze na Kaloleni, wengine sijui wapi. Yeye alikuwa mwenyeji wa Malindi hasa, mtu wa kanzu na buibui na Kiswahili kinachotiririka, na sote tulishangaa amefuata nini kwetu. Alikuja peke yake, akakandika vyumba viwili vya udongo kwa mikono yake, na mtu akimwuliza ndugu zake walipo alisema, "Wapo, wazima." Basi hapo umefungiwa mlango.

Alifundisha darasa la ngumbaru, yaani la watu wazima, katika banda la shule ya chekechea. Tulikalia viti vya watoto, magoti yakitufika masikioni. Tulianza saa tisa alasiri, jua bado linachoma, kila mtu ametoka kazini na usingizi unampigia hodi. Bi Mwalimu hakuwa na saa na hakuvumilia kuchelewa. Ukija wa pili umechelewa. Ukija wa kwanza, alikuuliza ulikuwa wapi wakati yeye anafagia.

Alikuwa na maneno yake ambayo hata sasa nikishika kalamu yananirudia. "Hapo umeandika au umeparura?" Hilo lilikuwa langu zaidi. Ukianza kujitetea alisema, "Usinieleze mimi, lieleze daftari." Akikasirika hakupaza sauti, alizidisha adabu. Ukisikia "Bwana Dobi, tafadhali, kama hutajali," ujue umekwisha. Mimi nilikuwa Dobi kwake tangu siku ya kwanza, na baada yake kwa mtaa mzima. Jina langu la ubatizo hakuna anayelijua pale.

Alichukia uongo. Mtu mmoja alidai mbuzi amekula daftari lake, akamfukuza wiki nzima, si kwa sababu ya daftari bali kwa kumsingizia mbuzi wa watu. Kisha yeye mwenyewe akatufanya tuseme uongo kila alasiri tangu Jumatatu hadi Alhamisi. Nilimkabili siku moja. "Mwalimu, haya ya Mirihi si uongo mtupu?" Akanitazama kama mtu anayekadiria uzito wa papai. "Uongo ni wa jambo lililokwisha kuwa," akasema. "Hili bado." Nikaenda nyumbani sijaelewa. Bado sijaelewa, ila sasa nalikumbuka vizuri zaidi.

Haya ya Mirihi yalianza hivi. Kitabu tulichopewa kilikuwa na baba mwenye jembe. Baba ana jembe, jembe ni la baba. Tulimsoma baba huyo hadi mzee mmoja, mchimba visima tuliyemwita Mzee wa Visima, akainua mkono.

"Mwalimu, mwezi mzima twamsoma baba huyu na jembe lake. Mbona hajalima hata tuta moja?"

Tulicheka, lakini wiki ile watu saba hawakurudi. Na darasa likipungua sana lilikuwa linafungwa, hilo tulilijua. Siku chache baadaye ukarushwa mtambo kutoka kwenye yale majukwaa ya chuma yaliyo baharini kule Ngomeni. Mzee wa Visima alikuwa upande huo kwa kazi, akaona mstari mweupe wa moshi ukipanda, akaja darasani hana raha. Akauliza kile kitu kinakwenda wapi. Bi Mwalimu akasema kinakwenda juu kidogo tu. Juu kidogo hadi wapi? Hapo akachukua kipande cha mkaa, chaki alikuwa akiibania sana, akachora ukutani jua, akachora dunia, akachora na duara jingine dogo nje yake. "Hii ni Mirihi," akasema. "Udongo wake mwekundu."

Mama Kadzo, Mgiriama aliyeshona makuti ya kuezekea na ambaye tangu aje darasani hakuwa amefungua kinywa, akauliza: "Mwekundu kama wa Magarini?"

"Waweza kuwa mwekundu zaidi."

"Basi muhogo utaota."

Bi Mwalimu akageuka polepole. Sijasahau uso wake. "Andika," akasema. "Njoo hapa uandike: muhogo utaota." Mama Kadzo aliandika maneno yale mawili kwa muda wa kuchemsha maharagwe, na hakuna aliyelala.

Tangu hapo jembe la baba likatupwa. Kila alasiri kulikuwa na swali moja la Mirihi, na kila mtu alitoa sentensi yake, kwanza kwa mdomo kisha kwa mkono. Masharti yalikuwa mawili. Usilete kitu huko bila kusema nani atakifanyia kazi. Na usimkatae mwenzako, mwongeze. Ukisema "haiwezekani" unafuta ubao. Mimi nilifuta sana ubao.

Mzee wa Visima alikabidhiwa maji. Tulimwambia huko hakuna maji, akachukizwa kama ametukanwa. Alisema yeye amechimba pima ishirini kwenye mwamba watu wakimcheka, na akifika huko atachimba arubaini, bora apewe mtu wa kuvuta ndoo. Tukampa mtu wa kuvuta ndoo. Bi Mwalimu akaongeza kwamba maji yenyewe huenda yameganda huko chini kama barafu ya sokoni, kwa hiyo pawe na mtu wa moto pia. Mama Kadzo akasema moto ni wake, lakini "mino," yaani mimi, "siendi bila kuku zangu." Tukabishana siku tatu kuhusu kuku. Huko nje hakuna hewa, kuku atalala wapi? Ikaamuliwa watu wote wakae ndani ya banda moja kubwa lenye kuta nzito, njia zikiwa ndani, na kuku ndani pia, mradi wawe na mwenyewe wa kuwafagilia.

Kulikuwa na lile la nusu saa. Bi Mwalimu alitueleza kwamba siku ya Mirihi inaizidi siku yetu kwa zaidi kidogo ya nusu saa. Alilijua wapi sielewi. Alikuwa na redio ndogo na magazeti ya zamani ya kufungia vitu, na vyote alivisoma kama barua. Sasa swali likawa: ile nusu saa ya ziada ni ya nani? Mimi nikasema ni ya tajiri, matajiri nawajua, ataiingiza kazini hata hujageuza shingo. Mama Kadzo akasema ni ya wanawake, wanaidai tangu zamani. Tulipaza sauti hadi wapita njia wakachungulia dirishani. Mwisho tuliandika kwamba nusu saa ile si ya mtu, watu watakaa tu. Kukaa tu, bila kazi na bila kuitwa. Bi Mwalimu alisoma sentensi hiyo mara mbili, akajifunga vizuri buibui lake, akatuaga kabla ya wakati. Nilidhani tumemkosea.

Siku nyingine swali lilikuwa lake mwenyewe. Alisimama mbele yetu, Waislamu na Wakristo na wale wa katikati, akauliza mtu akiwa Mirihi ataswali ameelekea wapi. Akajibu mwenyewe, taratibu: "Ataielekea dunia. Yote." Kisha akasema ngoja, hilo si la kujisemea, atakwenda kumwuliza sheikh mjini. Kesho yake tulikuwa tumejaa hadi mlangoni.

"Sheikh kasema nini, Mwalimu?"

"Kaniambia nipunguze kahawa."

Alicheka hadi machozi, yeye ambaye hakuwa mcheshi. Lakini jibu lile hatukuliandika, na lile la kwanza halikufutwa.

Mimi nilipewa vumbi. Mtu anayefua mashuka meupe ya wageni, aliniambia, ndiye anayejua vumbi ni nini. Lile vumbi jekundu laini litaingia kwenye kila shuka, maji ni ya kupimiwa, na ndani ya banda hakuna upepo wala jua la kuanikia. Utafanyaje? Nilikaa na swali hilo kazini, nikiwa nimetia mikono kwenye sabuni, hata msimamizi akaniuliza kama naumwa. Nilirudi na ukurasa mzima. Niliandika kwamba nguo zitapigwa kwanza kavu, kama wanavyopiga mikeka, vumbi lianguke lote, ndipo ziguswe na maji kidogo, na maji hayo yakimaliza nguo yaende kwenye muhogo. Ulikuwa ukurasa wangu wa kwanza maishani. Bi Mwalimu aliusoma amesimama. Akasema "Vizuri," neno moja, akanipa ufunguo wa kabati. Tangu siku hiyo nikawa karani wa Mirihi, mwenye kutunza daftari kubwa. Nilijiona mtu, nisidanganye. Nilivimba kichwa.

Ndani ya daftari hilo ndimo ilimokuwa orodha. Ilitoka kwenye swali la majirani: nani akae kando ya nani? Tulidhani ni swali jepesi, kila mtu atakaa na watu wa kwao. Bi Mwalimu akasema, tena kwa ile adabu yake ya hatari, kwamba kama ni hivyo tafadhali tubaki tu hapa, safari ya nini. Akapanga jirani kwa kazi: mwenye moto kando ya mwenye maji, mwenye watoto wengi kando ya asiye na mtoto, mgonjwa kando ya asiyelala mapema. Mimi akaniweka kando ya Mama Kadzo, na alijua kwamba tumenuniana miezi minane kwa sababu ya moshi wake na mashuka yangu. Nikaandika yote kwa mwandiko wangu bora: jina la mwenye nyumba, watu wangapi, kazi yake, jirani wa kulia, jirani wa kushoto. Juu nikaandika kwa herufi kubwa, MIRIHI, MAJINA YA WAKAAJI.

Habari ikatoka nje ya darasa. Hapa ndipo mtu asiyetujua hushindwa kutuelewa. Watu wa mtaani walijua kabisa Mirihi ni nyota, hakuna aliyedanganyika. Lakini walisikia kuna orodha ya majina na nyumba, na watu waliokaa miaka mingi kwenye ardhi isiyo yao wanajua kuachwa nje ya orodha kulivyo. Wakaja. Bibi mmoja hata kusoma hakutaka, alisimama mlangoni akasema, "Mwalimu, niandike. Kama kwenda sitakwenda, lakini niandike." Bi Mwalimu akaniambia, "Mwandike." Akaja mwingine, na mwingine. Kufikia mfungo wa Ramadhani hapakuwa na nyumba mtaani ambayo haikuwa kwenye daftari langu, kila moja na majirani zake wawili.

Isipokuwa moja.

Nimejaribu sana kukumbuka ilikuwaje. Mama Kadzo anashikilia kwamba Bi Mwalimu alikataa mwenyewe, kwamba alisema mwalimu hubaki kuwapelekea wenzake chaki. Mzee wa Visima, Mungu amrehemu, alikuwa akiapa kwamba alitusikia tukimtania kuhusu ngazi, na yeye akajibu hapandi kitu kinachotoka ardhini. Nawasikiliza, na maneno yote mawili yanafanana na yeye. Lakini mimi ndiye niliyekuwa na kalamu, na sikumbuki hata moja kati ya hayo. Nakumbuka akiwa amesimama nyuma yangu, akinukia karafuu, akinitajia majina ya watu.

Karani wa wenye shamba alikuja asubuhi moja ya Jumatano. Warithi wa mwenye shamba walikuwa wanauza sehemu kubwa, ila walikubali kuacha ukanda mmoja ugawiwe watu waliokuwa wakikaa pale. Ilikuwa bahati ambayo mitaa mingi haikuipata. Karani wao alikuwa mtu mwembamba mwenye mwavuli, na alikuwa na haraka. Mzee wa mtaa alikuwa ameenda mazishini Kaloleni. Mimi nilikuwa na siku yangu ya mapumziko, nimekaa nje nanyoa ndevu.

"Mna orodha ya wakaaji?"

Nilinyanyuka na povu shavuni. Nilikimbia, sikutembea, nikafungua kabati kwa ufunguo wangu, nikarudi na daftari nimelishika kwa mikono miwili. Alilifungua. Aliona majina, hesabu ya watu, kazi, kulia, kushoto. Akanitazama kwa heshima, mimi, mfua mashuka.

"Nani kaandika?"

"Mimi, bwana."

"Na hii Mirihi ni nini?"

"Ndiyo mtaa wenyewe, bwana," nikasema.

Sikuhisi kwamba nimesema uongo. Alikaa kwenye kiti changu akanakili kurasa zote. Alipomaliza alisema ambaye hakuandikwa apewe habari, yeye atakuwa kwenye baraza ya duka la pembeni kwa siku tatu, mtu aje atoe jina tu. Nikapita nikitangaza. Nilitangaza hata nyumba ambazo nilijua zimo. Sikumbuki kama nilipiga hodi kwa Bi Mwalimu. Alasiri ile alifundisha kama kawaida, swali lilikuwa wagonjwa wa Mirihi watapikiwa nini.

Baada ya wiki mbili ramani ikabandikwa. Viwanja vilifuata daftari langu vilivyo. Ndiyo maana mpaka leo jirani yangu wa kulia ni Mama Kadzo, na sasa namwachia mashuka yangu anikunjie nikiwa sipo. Mzee wa Visima aliwekwa mwisho kabisa, mahali penye maji ya chumvi, akachimba hivyohivyo. Sote tulikuwemo. Tulikuwa tukisoma majina kwa sauti, sisi wenyewe, kwa macho yetu wenyewe, na furaha ile siwezi kuieleza. Ni mtoto fulani aliyeuliza, "Na Bi Mwalimu yuko wapi?" Tukatafuta. Tukatafuta tena kutoka chini kwenda juu. Hakuwemo.

Nilikwenda kwa karani, akasema ramani imekwisha kuchorwa. Nilikwenda kwa Bi Mwalimu, nikamkuta anafunga vyombo vyake kwenye leso. Alisema anakwenda kukaa Tezo kwa mpwa wake, mpwa ana shamba na mikorosho. Alinipa chaki zilizobaki. Watu wakasema ni mwenye kiburi, angelalamika tungempigania. Wakasema mwenyewe alijiacha. Nikasema nao. Darasa likafungwa mwezi uliofuata, na vyumba vyake viwili vikabomolewa, na minazi ikakatwa.

Ilinichukua miaka minne kwenda Tezo. Nilikuwa na sababu, kazi, homa, barabara. Aibu ndiyo iliyokuwa sababu. Nilikwenda baada ya kumaliza kujenga chumba cha pili cha mawe, nikiwa na sukari na mkate ndani ya mfuko, na maneno niliyoyapanga tangu Malindi.

Alikuwa amekaa kwenye mkeka kando ya jiko, anamenya mihogo. Alikuwa amepungua, lakini mgongo umenyooka vilevile.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Dobi. Umenenepa."

Nilikaa. Tukaulizana hali za watu. Nilimpa salamu za Mama Kadzo, nikamwambia Mzee wa Visima amefariki, akamwombea. Halafu maneno yangu yote ya kupanga yakanitoroka, nikasema tu: "Mwalimu, ile orodha niliitoa mimi."

"Najua. Nilikuwa nimesimama mlangoni kwangu. Nilikuona unakimbia na povu usoni, nikadhani pana moto."

"Sikujua. Wallahi sikuwaza kwamba humo."

"Najua na hilo."

"Lakini ulikuwa na siku tatu. Ungekwenda pale barazani ungesema jina lako tu, basi."

Aliendelea kumenya hadi akamaliza muhogo aliokuwa nao. "Mwaka mzima, Dobi," akasema, "mliulizana kila kitu. Nani mgonjwa, nani mkorofi, nani akae na nani. Na mimi nilikuwa nikingoja tu mmoja aseme, na wewe je, Mwalimu? Leo hawakusema, nikajiambia watasema kesho. Siku zile tatu pia nilikaa mlangoni. Mlipita nyote. Mlinisalimu vizuri sana."

Nikajitetea, ndiyo tabia yangu. "Mama Kadzo anasema ulikataa mwenyewe."

"Labda nilikataa," akasema. "Mimi mtu wa kiburi, waulize ndugu zangu." Akacheka kidogo. "Usinitolee macho, nakutania. Yamekwisha hayo."

Sikujua ni lipi lilikuwa utani, lile la kungoja au hili la kukataa. Nilimtazama usoni nikitafuta, na uso wake ulikuwa wa mtu anayemenya mihogo. Nilichojua ni kwamba sikuweza kuondoka hivyo.

"Basi njoo," nikasema. "Chumba kipo. Nimekijenga kwa mawe, kina dirisha, hakina hata kipandio kimoja. Njoo ukae, Mwalimu, nyumba ni yako."

Akaweka kisu chini. Alinitazama kwa muda, kwa upole, na upole ule ulinitisha kuliko hasira zake zote.

"Nije kama nani, Dobi?"

Nilifungua mdomo. Yeye ndiye aliyenipa karibu maneno yote niliyokuwa nayo, na hilo moja sikulipata. Alinisubiri. Kisha akamwita mpwa wake, akamwambia mgeni ametoka mbali, apakuliwe wali.